Kanisa la Zion, Don Mills: Waumini Waliondoka, Matofali Yakabaki

Mwaka 1873 wakulima wahamiaji walijenga kanisa dogo la Kimethodisti katika kijiji kilichokuwa nje kabisa ya mji wa Toronto. Leo kijiji hakipo, mashamba hayapo, na waumini wale wamekwisha kutawanyika. Jengo bado limesimama. Makala haya yanaeleza jinsi lilivyopatikana, jinsi lilivyobaki bila wenyewe, na kwa nini habari zake zinagusa pwani ya Kenya.

Mpenzi msikilizaji, pale barabara ya Don Mills inapokutana na barabara ya Finch, kaskazini mashariki mwa jiji la Toronto nchini Kanada, mabasi hayapumziki tangu alfajiri hadi usiku. Wanafunzi wa chuo cha Seneca hushuka na mikoba yao mgongoni, na wakazi wa maghorofa ya jirani hupita na vifurushi vya sokoni. Mtu akitega sikio kituoni hapo atasikia lugha za Asia, za Mashariki ya Kati na za Afrika kabla hajasikia Kiingereza.

Si mbali na makutano hayo, kando ya barabara ya Finch, kuna jengo la matofali lenye paa la mteremko mkali na madirisha marefu yaliyochongoka juu. Wengi hulipita bila kuligeukia. Lilijengwa kuwa kanisa, likaitwa Zion. Hivi leo ni kituo cha utamaduni, na mwenye mali ni Jiji la Toronto.

Historia ya jengo hilo ni historia ya watu waliotoka mbali, wakajenga nyumba ya ibada kabla ya mji kuwafikia, kisha mji ulipowafikia wakaondoka. Swali linalozuka hapo si la Wakanada peke yao. Linamhusu kila aliyewahi kuchanga fedha za kujenga kanisa au msikiti, nyumbani au ughaibuni: nyumba ya ibada ni mali ya nani, na ni kitu gani hasa kinachoifanya idumu?

Ardhi iliyopimwa kwa mnyororo

Mji wa York, ambao baadaye ulipewa jina la Toronto, ulianzishwa mwaka 1793 na Luteni Gavana John Graves Simcoe. Wapima ardhi walitangulia mbele ya wakulima. Kwa mnyororo wa kupimia waliigawa misitu iliyokuwa nyuma ya mji kama ubao wa dama: barabara moja iliachana na nyingine kwa maili moja na robo, yaani kilomita 2 hivi, na katikati yake yakapimwa mashamba ya ekari 200 kila moja. Finch, Sheppard, Leslie na Don Mills, ambazo leo ni barabara kuu za magari, zina asili yake katika mistari ile iliyopitishwa msituni.

Waingereza hawakuikuta nchi hiyo ikiwa tupu. Ilikuwa nchi ya Wamississauga, watu wa asili waliovua samaki na kuwinda katika mito inayomwaga maji yake katika Ziwa Ontario. Mwaka 1787 utawala wa Kiingereza ulidai kuwa umeinunua ardhi ya Toronto, lakini hati yenyewe ilikuwa na kasoro kubwa, hata ikabidi mapatano yafanywe upya mwaka 1805 kwa malipo ya shilingi 10. Madai ya Wamississauga hayakufa. Mwaka 2010, baada ya zaidi ya miaka 200, serikali ya Kanada ilikubali kuwalipa dola milioni 145 ili kulimaliza shauri hilo. Kila jengo la kale la Toronto, kanisa au duka, linasimama juu ya habari hiyo.

Miongoni mwa walowezi wa mwanzo katika eneo hili walikuwamo watu wa ukoo wa L'Amoreaux, ambao wazee wao walikuwa Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya dini katika nchi yao. Kijiji kikachukua jina lao, likiandikwa L'Amaroux, na hadi leo lipo katika mtaa wa jirani upande wa Scarborough. Kusini yake, katika bonde la mto Don, maji yaliendesha vinu vya kusaga nafaka na kupasua mbao. Barabara ya kwenda kwenye vinu hivyo ndiyo iliyoacha jina la Don Mills, maana yake vinu vya mto Don.

Waumini wasio na kiwanja wala ndoa

Maisha ya mlowezi yalikuwa ya upweke. Jirani yake alikuwa mbali, miti ilikuwa mikubwa, na majira ya baridi yalikuwa marefu. Walipotaka kusali walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao, katika ghala la nafaka au chini ya miti. Mhubiri alikuja akipanda farasi, Biblia na nguo zake zikiwa katika mikoba ya ngozi pembeni ya tandiko, akahubiri, akalala, na asubuhi akaendelea na safari. Eneo la mhubiri mmoja liliitwa mzunguko, nao mzunguko mmoja ulikuwa na vijiji vingi.

Hata hivyo, tatizo kubwa la Wamethodisti halikuwa umbali. Lilikuwa sheria. Kwa sheria ya mwaka 1791, iliyounda jimbo la Kanada ya Juu, ambalo leo ni Ontario, sehemu moja ya saba ya ardhi ilitengwa kwa ajili ya makasisi wa Kiprotestanti. Wakuu wa serikali waliifasiri sheria hiyo kwamba makasisi hao ni wa Kanisa la Uingereza, yaani Waanglikana. Jumuiya za Wamethodisti hazikuwa na haki ya kumiliki kiwanja cha kanisa, wala wahubiri wao hawakuruhusiwa kufungisha ndoa. Bwana na bibi harusi Wamethodisti walilazimika kumtafuta kasisi wa dhehebu jingine au hakimu.

Mambo yalichacha mwaka 1826 ilipochapishwa hotuba ya John Strachan, kiongozi mashuhuri wa Waanglikana wa York, iliyowabeza wahubiri wa Kimethodisti kuwa ni watu wasio na elimu. Aliyemjibu kwa maandishi alikuwa mhubiri kijana wa miaka 23, Egerton Ryerson. Jibu lake lilisomwa kotekote, na mjadala juu ya usawa wa madhehebu ukawa mjadala wa siasa. Mwaka 1828 ilipatikana sheria iliyoziruhusu jumuiya za dini kumiliki viwanja kwa mikono ya wadhamini. Mwaka 1831 wahubiri wa Kimethodisti wakapata haki ya kufungisha ndoa. Mwaka 1854 ardhi ile ya makasisi ikaondolewa mikononi mwa kanisa.

Ryerson mwenyewe alikuja kuwa mkuu wa elimu wa jimbo na mwasisi wa shule za umma. Lakini mawazo yake juu ya kuwasomesha watoto wa watu wa asili yalisaidia kuweka msingi wa shule za bweni zilizowatenga watoto hao na wazazi wao, na ndiyo sababu mwaka 2022 chuo kikuu kimoja cha Toronto kiliacha kutumia jina lake. Aliyepigania haki ya watu wake hakuiona haki ya wengine.

Mafundi waliohubiri mlimani

Wakulima wa L'Amaroux walikuwa wa kundi maalumu, Primitive Methodist, ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita Wamethodisti wa Asili. Kundi hilo lilizaliwa Uingereza. Tarehe 31 Mei mwaka 1807, katika kilima cha Mow Cop mpakani mwa Staffordshire na Cheshire, watu walikusanyika kwa sala na mahubiri ya siku nzima hadharani. Waliolianzisha kundi hilo hawakuwa wasomi: Hugh Bourne alikuwa fundi seremala, na William Clowes alikuwa mfinyanzi. Wakubwa wa Kanisa la Methodisti hawakupendezwa na mikutano ya uwanjani, wakawatenga. Nao, mwaka 1812, wakajipa jina lao wenyewe, wakikusudia kwamba wao ndio wanaorudi katika desturi ya asili ya John Wesley, aliyehubiri mashambani na machimboni.

Kwao mhubiri hakuhitaji shahada. Mkulima, mchimba makaa ya mawe au mfumaji aliweza kuhubiri, na katika miaka ya mwanzo wanawake nao walihubiri waziwazi, jambo lililowashtua wengi wakati huo. Waumini waligawanywa katika madarasa madogo chini ya kiongozi mlei. Kila juma darasa lilikutana, kila mmoja alieleza hali ya roho yake, na kila mmoja alitoa senti yake. Kwa hiyo kanisa liliweza kuwapo hata pale ambapo hapakuwa na mchungaji wala jengo.

Mfumo huo ulisafiri vizuri baharini. Mwaka 1829 mhubiri mlei William Lawson alihama kutoka Cumberland, kaskazini mwa Uingereza, akafika York, akaanza kuhubiri. Alitoka katika mji mdogo wa Brampton, na jina la mji huo likaja kupewa mji mwingine ulio magharibi mwa Toronto, Brampton ya Ontario. Wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki wenye jamaa zao huko wanalifahamu jina hilo bila kujua kwamba lilibebwa na Wamethodisti wa Asili.

Mwaka wa matofali

Nyumba za kwanza za walowezi zilikuwa za magogo. Kisha ngano ikaleta fedha. Vita vya Crimea, kati ya mwaka 1853 na 1856, vilipandisha bei ya nafaka duniani, na wakulima wa Ontario wakauza vizuri. Katika miaka iliyofuata, wakulima waliofanikiwa wakaanza kuacha magogo na kujenga kwa matofali ya kuchoma. Nyumba ya matofali ilikuwa na maana ya wazi: hatuhami tena, hapa ndipo kwetu.

Mwaka 1869 wanakijiji walijenga shule ya matofali yenye chumba kimoja kando ya barabara ya Finch. Miaka minne baadaye, mwaka 1873, likajengwa kanisa, katika barabara hiyohiyo. Shule na kanisa vyote vikaitwa Zion, jina la mlima mtakatifu wa Yerusalemu, na watu wakazoea kulitumia jina hilo kwa mahali penyewe.

Mtindo uliochaguliwa ulikuwa ule wa Kigothi, uliopendwa mno Ontario wakati huo: madirisha marefu yenye ncha, kuta zilizonyooka, paa la mteremko mkali unaomwaga theluji. Jengo halikuwa kubwa wala la fahari. Lakini msikilizaji akumbuke kwamba kizazi kimoja tu nyuma yao, Wamethodisti wa nchi hiyo hawakuwa na haki hata ya kumiliki kiwanja. Kwa wazee waliozikumbuka siku hizo, kila tofali lilikuwa kama sahihi kwenye hati.

Kanisa la namna hiyo lilikuwa zaidi ya mahali pa ibada ya Jumapili. Hapo watoto walifundishwa katika shule ya Jumapili, watu walikutana kupinga ulevi, vijana walitazamana na kuoana, na wafiwa walifarijiwa. Katika kijiji kisicho na baraza wala ukumbi, kanisa ndilo lililokuwa baraza, na ndilo lililokuwa ukumbi.

Mji ulipofika mlangoni

Mabadiliko ya kwanza yalikuja polepole. Mwaka 1884 matawi makubwa ya Kimethodisti ya Kanada, Wamethodisti wa Asili wakiwamo, yaliungana kuwa kanisa moja. Jina ambalo wazee walilibeba kutoka Uingereza likafutika katika madaftari. Tarehe 10 Juni mwaka 1925, mjini Toronto, Wamethodisti waliungana tena na Wakongregesheni na sehemu kubwa ya Wapresbiteri, likazaliwa Kanisa la Muungano la Kanada. Kanisa la Zion likawa sehemu ya muungano huo. Katika muda wa miaka 52 tangu kujengwa, jengo lilelile lilikuwa limekuwa chini ya majina matatu, ilhali waumini walibaki wakulima walewale na watoto wao.

Wakulima hao walikuwa na nguvu zao. Mwaka 1922 walijitenga na wilaya ya York, wakaunda wilaya yao ya North York, kwa sababu walichoka kulipa kodi kwa ajili ya mitaa ya mjini. Hawakujua kwamba mji ungewafuata.

Mwaka 1953, upande wa kusini, ulianza ujenzi wa mji mpya wa Don Mills. Tajiri E. P. Taylor alikuwa amenunua mashamba mengi yaliyopakana, na kijana mpangaji wa miji, Macklin Hancock, akachora mitaa minne iliyozunguka kituo cha maduka, yenye shule, viwanja vya wazi, viwanda na nyumba za kila kipato. Mpango huo ulisifiwa, ukaigwa kotekote nchini Kanada. Barabara kuu namba 401 ikapita, na katika miaka ya 1960 ikafuata ile ya Bonde la Don. Mwaka 1951 North York ilikuwa na watu wapatao 86,000. Mwaka 1961 walikuwa wapatao 270,000.

Mkulima aliyekuwa na ekari zake alijikuta akipewa bei ambayo ngano isingeweza kumletea maishani. Wengi waliuza. Hapakuwa na mateso wala vita; hakuna aliyefukuzwa. Shamba liliuzwa, watoto wakahamia kwingine, na benchi moja likabaki tupu, kisha la pili, kisha la tatu. Wakazi wapya walikuwa maelfu, lakini walikuja na madhehebu yao, dini zao na magari yao ya kuwapeleka watakako. Makanisa mapya yalijengwa katika mitaa mipya. Hatimaye ibada za kawaida katika Zion zikakoma.

Makanisa mengi ya vijijini ya Ontario yaliyofikia hatua hiyo yalivunjwa, au yakauzwa yakawa nyumba za kuishi na maghala. Zion lilinusurika kwa kuwa serikali ya mji ililichukua na kulitengeneza liwe kituo cha utamaduni. Shule ya Zion nayo ikahifadhiwa kama makumbusho, ambako watoto huketi katika madawati ya zamani na kusomeshwa kama walivyosomeshwa watoto wa mwaka 1910. Miji hiyo ilipounganishwa mwaka 1998, majengo yote mawili yakawa mali ya Jiji la Toronto.

Mwaka uleule, Ribe

Sasa, msikilizaji, turudi katika mwaka 1873, mwaka wa kujengwa kwa Zion, lakini tuvuke bahari hadi Ribe, katika vilima vya nchi ya Wamijikenda, kaskazini magharibi mwa Mombasa. Mwaka huo Ribe walikuwa wakimzika Rebecca Wakefield, mke wa mmisionari wa Kimethodisti.

Misheni ya Ribe ilianza mwaka 1862. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann, alirudi Ulaya akaandika kitabu cha safari zake. Kitabu hicho kilisomwa na Charles Cheetham, mweka hazina wa misheni za tawi jingine la Kimethodisti, United Methodist Free Churches, ambalo nalo lilikuwa na watu wengi wa viwandani na madukani. Krapf aliombwa aje kuwaonyesha vijana njia. Alikuja na Waingereza wawili, Thomas Wakefield na James Woolner, na wenzao wawili kutoka Uswisi. Homa iliwapangua. Kabla ya mwaka kwisha, Waswisi walikuwa wameondoka, Woolner amerudi kwao akiwa mgonjwa, na Krapf mwenyewe amesafiri. Wakefield akabaki peke yake hadi Charles New alipowasili mwaka 1863.

Hao wawili walijifunza nchi kwa kuwauliza wenyeji. Habari za njia za misafara ambazo Wakefield alizipeleka London, zikachapishwa mwaka 1870, alizipata hasa kwa msafiri Mwafrika, Sadi bin Ahedi. New alipanda Kilimanjaro mwaka 1871 hadi akafika kwenye theluji, na akafariki mwaka 1875. Makaburi ya wamisionari yangali Ribe.

Lakini waliolifanya kanisa la Ribe lisife hawakuwa wale waliolala makaburini. Walikuwa Wamijikenda walioshika dini mpya, pamoja na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakatafuta hifadhi katika vituo vya misheni. Mabwana zao waliwadai kwa nguvu, na hatari ya kushambuliwa ilikuwa ya kweli. Mwanzoni mwa mwaka 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alilipa fidia, na zaidi ya watu 1,400 katika vituo vya Rabai, Ribe na vinginevyo wakapewa hati za uhuru. Kwao kanisa halikuwa mapambo ya kijiji. Lilikuwa mahali ambapo mtu aliacha kuwa mali ya mtu.

Kutoka pwani, Umethodisti ulipelekwa Meru mwaka 1912, nao ukaota mizizi mikubwa huko. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti Kenya lilianza kujitawala. Mwaka 1986 mkutano wa Wamethodisti wa dunia nzima ulifanyika Nairobi, na Mkenya, Askofu Lawi Imathiu, akawa mwenyekiti wa baraza lao la dunia. Jumuiya iliyoanza na vijana wanaotetemeka kwa homa kilimani Ribe ilikuwa imefika mahali pa kuwaongoza waliowatuma.

Wageni wa zamu ya pili

Don Mills nayo ilipata wageni wake kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Kanada iliwapokea watu wapatao 7,000. Wengi wao walikuwa Waismailia, na idadi kubwa walipata makazi katika maghorofa ya Don Mills na Flemingdon Park. Walikuja na Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili, na baadhi walikuja na sanduku moja tu. Jamaa zao kutoka Kenya na Tanzania nao wakafuata.

Katika miaka ya kwanza walisali katika kumbi za muda, kama wakulima wa L'Amaroux walivyosali maghalani. Kisha wakajenga. Kwenye barabara ya Wynford, palipokuwa na makao makuu ya kampuni ya viatu ya Bata, jina linalojulikana katika kila mji wa Afrika Mashariki, jengo hilo la ofisi lilibomolewa mwaka 2007. Mwezi wa Septemba mwaka 2014 vikafunguliwa hapo Kituo cha Ismaili na Makumbusho ya Aga Khan, majengo mawili yanayotazamana juu ya bustani na madimbwi ya maji. Kati ya waliohudhuria siku hizo walikuwamo wazee waliokuwa watoto walipoteremka katika ndege za mwaka 1972.

Wakristo wa Afrika Mashariki waliopo Toronto, kama ilivyo katika miji mingi ya ughaibuni, wengi wao bado wako katika hatua ya ghala. Husali alasiri katika majengo ambayo asubuhi yametumiwa na wenyeji, huhifadhi ngoma zao katika kabati la kuazima, na kila mkutano mkuu hurudi katika hoja ileile: tununue lini, na kwa jina la nani?

Nyumba na wenye nyumba

Kanisa la Zion na kanisa la Ribe yote mawili yalizaliwa na watu wanyonge wa Uingereza ambao wakubwa wa dini hawakuwathamini. Yote mawili yalianza bila fedha nyingi. Lakini miaka 150 baadaye yamekwenda njia mbili tofauti. Zion ina jengo zuri lisilo na waumini wake. Ribe ina waumini ambao wazungu waliowajia walikwisha ondoka zamani.

Haitakuwa haki kusema kwamba wakulima wa Zion walikosa imani. Walikosa warithi mahali pale. Kanisa lao lilikuwa limefungwa na ukoo, shamba na kijiji, na vitatu hivyo vilipouzwa, hakukuwa na mlango ambao mgeni mpya angeingilia. Ribe ilikuwa kinyume chake. Wamisionari walikuwa wachache, wagonjwa na wapitaji, kwa hiyo kazi iliangukia mikononi mwa wenyeji na wakimbizi mapema, wengine kabla hata ya kupewa ruhusa. Udhaifu wa waanzilishi ulikuwa nafasi ya warithi.

Hata hivyo Zion halikupotea bure. Kwa kuwa liliingia katika mali ya umma badala ya kuuzwa, mtu yeyote anayeishi Toronto, mwenye dini yoyote au asiye na dini, ana sehemu yake ndani ya kuta hizo. Vikundi hukodi ukumbi wake kwa mikutano na muziki. Wajukuu wa waliofukuzwa Kampala wanaweza kuketi chini ya madirisha yaliyowekwa na wajukuu wa waliobezwa Staffordshire. Wazee wa L'Amaroux hawakulikusudia jambo hilo, ila huenda wasingelikataa, kwa maana wao nao walikuwa wana wa watu waliofungiwa milango.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa wanaojenga leo, iwe Kilifi, iwe Muscat, iwe Toronto, matofali ya mwaka 1873 yana ushauri mmoja: hati ya kiwanja iandikwe vizuri, paa liezekwe imara, lakini kabla ya hayo yote ajulikane ni nani atakayekabidhiwa ufunguo, na kama mtu huyo ameanza kukaribishwa ndani.